GB Nne Kasoro VAT

Mtaani kwetu Tabata kompyuta ina ugonjwa mmoja tu. Ikichelewa kuwaka, ongeza RAM. Ikigoma kuprinti, ongeza RAM. Siku panya alipotafuna waya wa intaneti kwenye steshenari ya dada yangu, jirani mwenye saluni aliinamia kibodi, akabonyeza herufi mbili tatu, akaguna kwa masikitiko na kusema hilo analifahamu, kwa wifi yake lilianza hivyo hivyo, ni RAM. Panya mwenyewe alikuwa bado yupo juu ya shelfu la madaftari, anatusikiliza.

Kwa hiyo kompyuta ilipochoka kweli, mimi nilikuwa wa mwisho kuamini.

Dada yangu mkubwa anatoa kopi, anaprinti, anachapa barua za kuomba kazi, anapiga picha za pasipoti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kazi zote hizo hupita kwenye kompyuta moja ya mezani aliyoinunua mtumba, zile ambazo wauzaji huzisifia kuwa zimetoka Ulaya, kana kwamba huko zilitupwa kwa sababu ya uzuri. Mimi ni mwalimu wa historia, basi kazi ya kukadiria umri wake niliifanya bila kuombwa. Ubavuni ilikuwa na stika ya Windows Vista. Vista iliingia madukani Januari 2007, na Windows 7 ikaipindua Oktoba 2009. Mashine yetu ilizaliwa humo katikati, ikapita kwa mabwana kadhaa ambao hawakuacha kumbukumbu yoyote isipokuwa namba ya mali iliyochongwa mgongoni na GB 2 za RAM.

Juu ya GB 2 hizo fundi fulani alikuwa ameweka Windows 10 ya biti 32. Microsoft wenyewe waliandika kwamba toleo hilo linahitaji GB 1 kwa uchache, kwa hiyo kwenye karatasi dada alikuwa tajiri maradufu. Bila shaka aliyeandika kiwango hicho hakuwa na foleni ya wazazi mbele yake, kila mmoja na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ndio ulioiumbua. Dada anabonyeza "Endelea", taa ya diski inawaka bila kupepesa, kiduara cha kusubiri kinaanza kuzunguka, mzazi anatoka kwenda kula chipsi mayai. Akirudi, kiduara kinazunguka. Wengine walianza kuacha watoto wadogo pale dukani kuwashikia nafasi, na dada akajikuta anaendesha chekechea isiyosajiliwa.

Nikafungua kile kidirisha kinachoonyesha mashine inatumiaje nguvu zake. RAM: asilimia 94. Kivinjari chenye kurasa chache tu kilikuwa kimeila karibu yote. Na RAM ikijaa, Windows huazima nafasi kwenye diski, inahamishia huko mambo yaliyokosa pa kukaa, kisha inayarudisha yakihitajika, na diski ya kuzunguka ni ya polepole kuliko RAM kwa maelfu ya mara. Ndiyo ile taa isiyopepesa. Mtaa, kwa mara ya kwanza, ulikuwa sahihi. Nilipomweleza jirani wa saluni, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kwa nini imenichukua muda mrefu hivyo.

Likabaki swali la RAM gani, na hapo ushauri wa bure ulikauka ghafla.

Mpwa wangu, kijana wa dada, ana cheti cha kompyuta cha kozi fupi. Alipewa hela, akapanda daladala kwenda Kariakoo, akarudi na RAM ya GB 4 iliyofungwa vizuri kabisa, ambayo urefu wake ulikuwa nusu ya ile iliyokuwa ndani. Ilikuwa ya laptopu.

"Mjomba, mimi niliomba GB 4," alijitetea, "na hii ni GB 4."

Hakudanganya. Akaenda kubadilishiwa, akaja na ndefu.

Hiyo ndefu ilitupotezea jioni nzima. Aliiweka juu ya sloti, akabonyeza, ikakataa. Akaigeuza, ikakataa vilevile. Tukazilaza mbili, ya zamani na mpya, juu ya mashine ya laminesheni na kuzikagua chini ya tochi ya simu. Urefu mmoja. Meno ya dhahabu 240 kwa 240. Mahali pa tofauti palikuwa pamoja tu, nalo ni pengo. Kila RAM ina pengo dogo kwenye safu ya meno yake, na ndani ya sloti kuna kinundu cha plastiki kinachokaa pale penye pengo. Pengo la ile ya zamani na la ile mpya yalipishana kwa milimita chache. Mpwa alizitazama milimita hizo, akatoka nje bila kusema, akarudi na tupa aliyoazima kwa fundi wa mageti.

"Kinundu chenyewe cha plastiki, mjomba. Dakika mbili nimemaliza."

Hapo somo langu la historia likanifaa kwa mara ya kwanza tangu nianze kulifundisha. Vizazi vya RAM vimefuatana kwa utaratibu kuliko tawala nyingi zilizomo kwenye silabasi. Kamati ya viwango iitwayo JEDEC ilitoa kanuni za DDR ya kwanza mwaka 2000: meno 184, umeme wa volti 2.5. DDR2 ikaja 2003, meno 240, volti 1.8. DDR3 ikafuata 2007 na meno 240 yale yale, ila volti 1.5. DDR4 ilipoingia madukani mwaka 2014 meno yalifika 288 na volti zikashuka hadi 1.2, na DDR5 iliyokuja baadaye ina 288 vilevile lakini hutumia 1.1. Katika kila kizazi pengo lilihamishwa kwa makusudi, ili mtu mwenye haraka asije akachomeka RAM ya volti 1.5 kwenye sloti inayotoa 1.8. Wajumbe wa kamati ile walikuwa wamekwisha kumfikiria mpwa wangu akiwa bado anatambaa. Kitu pekee ambacho hawakukifikiria ni tupa.

Mashine yetu ilikuwa ya DDR2. Aliyoileta kijana ni DDR3. Tupa ilirudi kwa mwenyewe, lakini RAM haikurudi, maana muuzaji alikuwa mtu wa kubadilisha mara moja tu, na risiti yake ilikuwa na maandishi makubwa kuliko bei: mali ikishauzwa haipokelewi.

Dada hana subira na watu wanaozungumzia milimita. Wakati mimi nasoma habari za volti, yeye alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara anaagiza. Siku iliyofuata bodaboda akashusha bahasha yenye vipande viwili vya GB 4, DDR2 kweli, bei ya kutupa. Vimetoka kwenye seva. Neno seva lilikuwa limemteka kabisa. Kitu kilichotoka kwenye seva, alisema, hakiwezi kushindwa na barua za kuomba kazi.

Na kweli viliingia. Pengo lilikaa juu ya kinundu, vibanio vya pembeni vikafunga "tak, tak", mpwa akapiga makofi. Dada akabonyeza kitufe. Feni zikavuma, skrini ikabaki nyeusi, kisha mashine ikaanza kulia: piii. Piii. Piii.

Sasa nyumba ile ina fremu nne na mita moja ya LUKU, na mita ya LUKU nayo hulia uniti zinapokaribia kwisha. Mwenye saluni alitoka mbio kwenda kuiangalia. Mama lishe akapaza sauti kutoka jikoni kuuliza zamu ya kununua umeme ni ya nani. Fundi cherehani akasema yake ilikuwa mwezi uliopita na anazo meseji. Ndani ya dakika chache walikuwa wamerudi nyuma hadi kwenye friji ya soda ya mwaka juzi, nani aliiweka na nani aliilipia, na mashine yetu inaendelea kutia chumvi kwa mlio wake wa taratibu. Mpwa alipochomoa waya ukimya ulishuka, kila mtu akafikiri mwenzake amenunua umeme, wakarudi kazini. Hakuna aliyenunua. Hilo litakuja kutudhuru baadaye.

Mlio ule si kelele ovyo. Kompyuta ikiwaka, kitu cha kwanza inachofanya ni kujikagua, na isipoiona RAM haiwezi kuandika chochote kwenye skrini, kwa hiyo hulia. Kila mtengenezaji wa BIOS ana mpangilio wake wa milio, mirefu au mifupi, lakini mashine inayolia bila kukoma wakati wewe umetoka kubadilisha RAM haihitaji mkalimani.

Nikavitoa vile vipande na kuvigeuza. RAM yetu ya zamani ilikuwa na chipu nyeusi 8. Hivi vilikuwa na 18 kila upande, na katikati kidude kingine cha ziada. Seva haitaki makosa, kwa hiyo pamoja na biti 64 za kawaida hubeba 8 zaidi za kukagua, jumla 72. Ndiyo maana chipu za RAM ya namna hiyo hugawanyika kwa 9. Kile kidude cha katikati ni rejista: hupokea amri kwanza, kisha ndipo chipu zipate. Ubao wa kompyuta ya ofisi umezoea kuongea na chipu moja kwa moja. Ukikutana na karani mlangoni unaduwaa, halafu unapiga kelele.

Kilichoniuma ni kwamba yote hayo yalikuwa yameandikwa. Stika ya ile iliyotoka seva ilisema 2Rx4 PC2-5300P. Ya zamani yetu: 1Rx8 PC2-5300U. PC2 ni kizazi, yaani DDR2. Namba 5300 ni kasi, megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, inayotokana na 667 mara baiti 8 na kupunguzwa kidogo ili ipendeze. Na herufi ya mwisho ndiyo inayokuambia hiki ni cha nani: U ni ya kompyuta za mezani za kawaida, S ya laptopu, R na P ni za seva zenye rejista. Herufi moja. Imekaa pale tangu siku kipande kinatoka kiwandani, na watu watatu wazima tulikuwa tumeipita macho. Muuzaji husoma namba moja tu kwenye stika hiyo, ya GB, kwa sababu ndiyo pekee tunayouliza sisi wanunuzi. Tungekuwa tunauliza herufi, naamini kabisa wangekuwa wanauza herufi.

Basi nikaenda mwenyewe. Kabla ya kwenda nilikuwa nimetafuta kitabu cha ule ubao kwa kutumia namba iliyochapwa juu yake, karibu na betri bapa ya saa. Kilisema mambo machache kwa uwazi ambao sijauzoea kwenye nyaraka: sloti mbili, DDR2 ya 667 au 800, kila sloti mwisho GB 2. Jumla GB 4, wala usihangaike zaidi. Yaani hata ile ya GB 8 ya dada isingekuwa na karani, bado ubao ungekataa. Mtu anafikiri anachagua RAM; ubao ulishachagua tangu enzi za Vista. Kilichobaki ni kwenda kuitafuta.

Nikaifunga RAM ya zamani ndani ya karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai, nikaingia Kariakoo, huko kati ya Mtaa wa Aggrey na Likoma ambako kila mlango una mtu anayekuita mkuu.

"Karibu mkuu. Unatafuta nini?"

"RAM ya kompyuta ya mezani, DDR2."

Kijana akageuka na kupaza sauti kuelekea dari. "Kuna mzee hapa anataka DDR2!"

Kimya kidogo. Kisha sauti kutoka stoo ya juu, yenye mshangao wa dhati: "Bado anayo?"

Hata hivyo hakukubali niondoke. Alinipa DDR3 na kuniambia inaingia hiyo. Nikasema haiingii. Akasema inaingia, mkuu, unabonyeza tu. Nikafungua karatasi ya fedha, nikaziweka sambamba juu ya kioo cha meza yake, nikamwonyesha mapengo. Alizitazama kwa makini, moja baada ya nyingine, kisha akaniwekea kidole kwenye ile yangu. "Hii yako ndiyo mbovu. Pengo limekaa vibaya."

Duka la pili walikuwa nazo DDR2, tena mpya, ndani ya vifungashio vinavyong'aa. Moyo ulinidunda. Nikageuza kifungashio, na kwenye kona, kwa maandishi ambayo yangeweza kupita kama vumbi, nikasoma: kwa AMD tu. Zipo RAM za DDR2 ambazo chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo vidhibiti vya kumbukumbu vya AMD vya zama zile huzisoma, na vya Intel vya zama zile haviambulii kitu. Ni rahisi kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hujaa madukani.

"Kwani ya kwenu siyo AMD?" aliuliza muuzaji.

"Ni Intel."

"Si mbadilishe prosesa."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyeniondolea tatizo.

Niliyekuwa namtafuta nilimkuta kwenye korido, mzee mwenye meza isiyo na bango wala jina, na kopo la biskuti lililojaa RAM zilizochomolewa kwenye mashine zilizokufa. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Akaomba ile yangu. Akavaa miwani. Alisoma stika kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, midomo ikicheza, akahesabu chipu kwa ncha ya bisibisi, ndipo akaniuliza: "Sloti ngapi?" Kariakoo nzima ndiye aliyeuliza. Wengine wote walikuwa na majibu.

Alichimbua kopo muda mrefu, akitupa pembeni, ya laptopu, ya seva, ya seva, hii iliungua, mpaka akapata mbili za GB 2 zinazofanana kila kitu, PC2-6400U, kampuni moja, stika moja. Zikiwa pacha, alisema, ubao utazitumia njia mbili kwa wakati mmoja badala ya moja. Na kasi ya 800 isikutishe, ubao ukitaka 667 zitashuka zenyewe. Akazichomeka kwenye ubao uliokuwa wazi mezani, bila kasha, akagusanisha pini mbili kwa bisibisi, skrini ndogo ikawaka na kuhesabu GB 4. Nikajaribu kupunguza bei. Akanitazama juu ya miwani na kuniambia kitu kisichotengenezwa tena hakina bei ya jumla. GB zake zilikuwa ghali kuliko za DDR3 za yule kijana, na nililipa bila kinyongo. Wakati naondoka akanipigia kelele: "Sugua meno kwa ufutio kabla hujaweka!"

Ufutio kwenye steshenari si shida. Dada aliniuzia kwa bei ya rejareja.

Tulipofungua kasha ili kufanya kazi kiungwana, tulikuta mende wamehamia upande wa kipoza joto, familia kadhaa, na mwonekano wa wenye hati ya kiwanja. Sitaeleza kilichofuata. Mpwa alipuliza vumbi kwa bloa ya jirani wa saluni, mimi nikasugua meno ya dhahabu mpaka yakang'aa, nikashika kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiende kwenye chipu, nikabonyeza upande huu, tak, na upande ule, tak. Dada akawasha. Ilipiga mlio mmoja mfupi wa salamu, ikaendelea na safari. Fomu ya mkopo ikafunguka na mzazi bado amesimama. Ukurasa wa pili, ukafunguka. Mzazi akauliza kama tumebadilisha mtandao.

Furaha ilidumu mpaka dada alipotaka kuona alichokilipia kwa macho yake. Akafungua sifa za kompyuta, akasoma kwa sauti. RAM iliyowekwa: GB 4.00. Kwenye mabano: inayotumika GB 3.25.

Akasoma tena. Akanigeukia polepole. Mtu anayeuza kopi kwa karatasi moja moja huwezi kumpunja robo tatu akanyamaza.

"Robo tatu ya GB iko wapi?"

Nikaanza kumweleza. Mfumo wa biti 32 una anwani 4,294,967,296, hiyo ni mbili kujizidisha mara 32, na anwani hizo ndizo GB 4. Lakini si RAM peke yake inayotaka anwani. Kadi ya picha inataka, ya mtandao inataka, BIOS inataka, na vyote hivyo hupewa viwanja vya mwisho mwisho wa orodha. RAM iliyoangukia kwenye viwanja hivyo ipo, ila haina anwani, Windows haiwezi kuifikia. Kwa mashine hii...

"Nani aliwagawia?"

"Ndivyo ilivyo, dada. Hajaiba mtu."

"Nimekuuliza ni nani aliwagawia. Nipe namba ya huyo mzee."

Nikampigia, dada akaweka spika. Alimsomea skrini neno kwa neno, pamoja na mabano. Upande wa pili palikuwa na kelele za mikokoteni, kisha sauti ya mzee, imetulia.

"Mama, mashine yako ni biti 32?"

"Mashine yangu imetoka Uingereza."

"Aa," akasema mzee. "Basi hiyo iliyokatwa ni VAT."

Niliziba mdomo. Dada hakucheka. Akavuta kikokotoo, akagawa 0.75 kwa 4, ikatoka asilimia 18.75. Akatazama namba ile. VAT yetu ni asilimia 18. Niliona uso wake ukilegea, uso wa mfanyabiashara aliyekutana na hesabu anayoijua.

"Amezidisha kidogo," akasema hatimaye, "lakini ndiyo yenyewe." Kisha akaisogelea tena ile simu: "Sasa mzee, kama umekata VAT, mbona hukutoa risiti ya mashine?"

Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Mpwa alipendekeza tuweke Windows ya biti 64, tuirudishe ile robo tatu. Wazo zuri, ila kwa mbao nyingine za zama hizo hata biti 64 haziokoi kitu, kwa kuwa ubao wenyewe hauwezi kuihamishia RAM hiyo anwani za juu zaidi, na isitoshe printa ya dada ni ya zamani na draiva yake ni ya biti 32 tu. Dada alichagua printa. Robo tatu ya GB haijawahi kumletea mteja.

Ndipo siku moja mchana, katikati ya barua ndefu ya mteja wa kuomba uhamisho, fremu zote nne zikaingia giza. Umeme ambao kila mtu aliamini mwenzake ameununua ulikuwa umekwisha. Uliporudi, baada ya kikao kingine pale kwenye mita, barua haikuwepo. Dada aliitafuta kila mahali, mteja amekaa pembeni anapumua kwa sauti.

"Si tumeongeza kumbukumbu?" aliniuliza. "Maradufu? Mbona imesahau yote?"

Nikamweleza habari za Robert Dennard, mhandisi wa IBM, ambaye mwaka 1966 alibuni namna ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja, akapewa hataza yake 1968, na RAM zetu hadi leo hufuata wazo hilo. Kapasita ni kisima kidogo sana cha chaji, na kinavuja. Umeme ukikatika kila kitu kimekwenda. Lakini hata umeme ukiwepo kinavuja, kwa hiyo kila safu ya RAM lazima isomwe na kuandikwa upya ndani ya kila milisekunde 64, mchana na usiku, la sivyo inapoteza ilichoambiwa.

Dada alitafakari.

"Kwa hiyo hata umeme ukiwepo, inasahau mpaka ikumbushwe."

"Ndiyo."

"Kila saa."

"Kila milisekunde 64."

"Basi hiyo ni shemeji yako," akasema, akaanza kuchapa barua upya.

Ile DDR3 mpwa aliiuza kwa rafiki yake ambaye mashine yake, kwa bahati, ilikuwa na pengo mahali pake. Za seva bado ziko kwenye droo pamoja na pini za stepla. Na kwenye bango la bei ukutani, chini ya kopi, kuprinti, kuskani na picha za pasipoti, dada ameongeza mstari kwa kalamu nyekundu: Kusoma stika ya RAM, 1,000.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani wa saluni, na kipande cha GB 8 alichomnunulia mwanawe. Dada alivaa miwani. Alisoma stika kuanzia mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza, akahesabu chipu kwa ncha ya kalamu.

"Ya seva hii. Irudishe leo leo, kabla hajafunga duka."

"Lakini inaingia," jirani akasema. "Kijana ameijaribu, inaingia kabisa."

"Buku," dada akasema, na kunyoosha mkono.